Bua Lina Mwenyewe

Huku kwetu, kuanzia Old Korogwe hadi ndani kabisa ya Handeni, kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu anaijua: hindi ni la mkulima, bua ni la yeyote. Siku unapotoa gunia la mwisho shambani, haki yako inaondoka nalo. Kesho yake ng'ombe wataingia bila hodi, na ukiuliza utaonekana mchoyo. Wakibakiza kitu, atapita mtu na kiberiti ili shamba "liwe safi". Naandika kuipinga sheria hiyo. Nataka bua liwe na mwenyewe kama hindi lilivyo na mwenyewe, na nataka hilo liingie kwenye sheria ndogo za vijiji, ligongwe muhuri, lisomwe mkutanoni.

Nina maslahi katika jambo hili, afadhali niyataje mapema. Mimi ni mwalimu mstaafu. Naishi Old Korogwe, nalima mahindi na kunde katika kijiji kimoja cha upande wa Handeni, na nyuma ya nyumba nafuga ng'ombe wawili wa maziwa wasiotoka bandani. Kwa hiyo mimi ni mkulima anayenung'unika mifugo ya watu kula mabua yake, na ni mfugaji anayenunua mabua ya watu kila kiangazi. Mkiniona najikwaa kati ya hawa wawili, mjue chanzo chake.

Tuanze na hesabu, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu anasoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alipokuja likizo alinifungulia kwenye simu majedwali ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Humo kila nchi ina mstari wake tangu mwaka 1961, na kila nafaka ina wake ndani ya nchi: naitrojeni iliyomo kwenye mabaki ya mahindi, ya mpunga, ya ngano, ya shayiri, ya mtama, hata ya rai. Rai sisi hatulimi. Ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano, ndiyo inayotoa mkate mweusi wanaoupenda Wajerumani, Wapolandi na Warusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dunia ilikuwa ikivuna zaidi ya tani milioni 30 za rai kwa mwaka. Siku hizi imeshuka hadi nusu yake au chini. Mabua ya rai, basi, yanapungua mwaka hadi mwaka. Ya mahindi ya Tanzania yanaongezeka, kwa kuwa nchi imetoka kwenye mavuno ya chini ya tani milioni moja miaka ileile hadi zaidi ya tani milioni 6.

Nikamuuliza, "Nani alikwenda Handeni kupima mabua?"

Akacheka. "Bibi, hakuna anayepima."

Wanakokotoa. Wanachukua mavuno ya nchi na eneo lililovunwa, wanayapitisha kwenye kanuni ya mwaka 2006 ya jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Kwa mahindi, zidisha tani za punje kavu za hekta moja kwa 1.03, kisha ongeza 0.61, jibu ni tani za bua. Rai ina namba zake, 1.09 na 0.88. Nilikaa na kalamu nikaliingiza shamba la kwetu la mwaka wa wastani, tani moja na nusu kwa hekta, nikatoa unyevu wa punje, nikapata karibu tani 2 za mabua makavu. Kanuni inaendelea kusema kwamba katika kila kilo 1,000 za mabua hayo mna kilo 6 za naitrojeni. Tani 2 ni kilo 12. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Nusu mfuko wa urea umebaki umesimama shambani baada ya mavuno, na hapo sijaitaja potasiamu, ambayo sehemu kubwa ya ile iliyofyonzwa na mhindi hubaki kwenye bua wala haiendi kwenye punje.

Kisha nikafika kwenye mstari ulionikera. Kanuni inaelekeza kwamba nchi isipokuwa na takwimu za mabua yanayoondolewa shambani, ichukuliwe kuwa hakuna kilichoondolewa.

Siwalaumu waliotunga. Majedwali yale yalikusudiwa kukadiria gesi inayotoka kwenye mabua yanapooza; afya ya udongo wetu ni suala jingine. Lakini mtu aliyekaa Roma akitazama mstari unaopanda ataona nchi ambayo ardhi yake inarudishiwa zaidi kila mwaka. Aje Handeni mwezi wa tisa. Ataona udongo mwekundu umekaa uchi, umepigwa na jua na kwato, unangoja mvua ya vuli iuzoe uingie korongoni.

Mahindi ya masika tunayavuna mwezi wa saba na wa nane. Wa kwanza kuingia ni mbuzi wa majirani, ambao kwa kweli hawana madhara makubwa. Wanachagua majani na kuacha shina. Baada yao huja makundi ya ng'ombe. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 hula kilo 6 hivi za chakula kikavu kwa siku. Kwa tani 2 zile, ng'ombe mmoja angekaa miezi mingi. Kundi la ng'ombe 50 halimalizi wiki, na wanayoyakanyaga na kuyachafua ni mengi kama wanayoyala. Wakiondoka, wanakuja vijana wa maguta kutoka mjini kukusanya yaliyosalia. Halafu moto. Kwenye mashamba ya vuli yanayovunwa Januari na Februari hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa masika yanabisha hodi na kila mtu anataka trekta ipite. Bua refu hujisokota kwenye plau, dereva anafoka, mwenye shamba anatoa kiberiti. Naitrojeni yote, au karibu yote, inapanda na moshi. Majivu yanabaki na fosforasi na potasiamu, lakini mvua ya kwanza yenye upepo inayapeleka kwa jirani au mtoni.

Hapo kwa vijana wa maguta nina kisa. Mashambani huwa nafunga vipande vya kanga kuukuu kwenye mabua ya pembezoni kutishia nyani, ingawa nyani wa kwetu wameshazoea na huenda wanavipenda. Kiangazi kimoja muuza mabua alinishushia mzigo nyumbani, nikamlipa, nikaanza kuwakatia ng'ombe. Katikati ya mzigo nikakuta kipande cha kanga yangu. Halafu cha pili. Nilikuwa nimenunua mabua yangu mwenyewe, na nikalipia usafiri juu yake. Nilipomwita kijana hakuona aibu hata kidogo. "Mwalimu, si ulikuwa umeshavuna?" Kwa sheria ya huku hakuwa mwizi. Ndiyo maana nataka sheria ibadilike, maana kumfokea yeye ni kumwonea.

Neno hilohilo nililisikia kwa kijana wa Kimaasai niliyemkuta na kundi shambani kwangu, amesimama kwa mguu mmoja, fimbo begani, simu sikioni.

"Yeyo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hawa ng'ombe wameruhusiwa na nani?"

"Si umevuna, yeyo? Na mbolea tumekuachia."

La mbolea ndilo lililonifanya nibishane naye, kwa upole, kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Ng'ombe wanaoshinda shambani wanaangusha kinyesi kidogo mchana, tena huku na kule. Kinachobaki kinaangushwa usiku, zizini. Kwa miezi mitatu ya kiangazi mabua ya mashamba ya watu thelathini yanageuka samadi ya zizi la mtu mmoja, inarundikana mpaka geti halifunguki, na mwenye zizi halimi. Nimeona vichuguu vya samadi ya miaka mingi upande wa Sindeni, kimo cha mtu mzima, na umbali wa matembezi mafupi tu kuna mahindi ya njano ambayo mwenyewe anakopa fedha za urea. Rutuba imehama bila kulipiwa nauli, na watu wote wawili wanaamini wametendeana haki.

Sheria ya bua la yeyote haikuwa ya kijinga ilipozaliwa. Naamini ilizaliwa wakati bua halikuwa na thamani. Mwanahistoria James Giblin ameandika kuhusu Uzigua kati ya mwaka 1840 na 1940, akaonyesha jinsi wakazi wa hapa walivyokuwa wamewadhibiti mbung'o na kupe kwa makazi, kilimo na kufyeka, na jinsi njaa na utawala wa kikoloni vilivyowatawanya watu, pori likarudi, mbung'o nao wakarudi. Maeneo mengi ya Handeni yakabaki na mifugo michache sana. Mkulima alifyeka, akalima misimu michache, ardhi ikichoka akahamia pengine na kuacha pori lifanye kazi yake. Mabua yalioza pale yalipoanguka. Nani angeyagombania?

Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakasogezwa pamoja, mashamba yakasogeleana, na kulaza shamba kukawa anasa ya mwenye ekari nyingi. Dawa za ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, zikapatikana, pori likapungua, wafugaji wakashuka kutoka Simanjiro na Kiteto kufuata malisho na maji. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ikawekewa lami. Mnada wa ng'ombe ukawa karibu, na guta likawa na pa kupita. Upande wa pili, mkoa wetu wa Tanga ulikuwa umeshaanza kufuga ng'ombe wa maziwa wa ndani tangu miaka ya 1980 kwa mradi uliosaidiwa na Waholanzi, na kiwanda cha Tanga Fresh kikatupa pa kupeleka maziwa. Ng'ombe wa ndani hachungi. Anasubiri aletewe. Akina mama wa mjini kama mimi ndio tulioliwekea bua bei, bila kujua tunafanya hivyo. Tangu Juni 2022 wafugaji wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, hukuhuku Handeni, pamoja na mifugo yao. Mabishano ya uhamisho huo yana wenyewe na sitayaingilia hapa. Ninachosema ni kwamba midomo imeongezeka, na kanuni ya kugawana mabua ni ileile ya siku za mbung'o.

Korogwe tunayo shule ya jambo hili mlangoni kwetu, ila hatuiiti hivyo. Ni mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Pangani ikiwa hai 62, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote ya Ngombezi, Magunga, Hale, Mwelya na Magoma. Reli ya Tanga ilifika hapa Korogwe mwaka 1902, na treni za mizigo zikateremka na marobota ya singa za mkonge hadi bandarini. Singa hizo zilikuwa zinakwenda kufanya nini Ulaya na Marekani? Sehemu kubwa ilisokotwa kamba za kufungia mavuno. Mashine ya kukata nafaka ilikata ngano na rai, ikayafunga mabua matita matita kwa kamba ya mkonge, yakasimamishwa shambani yakauke. Baada ya kupura, majani makavu yakafungwa tena, yakawekwa ghalani kwa malazi ya ng'ombe, kwa mbolea, kwa kuezekea. Mkulima wa kule alinunua kamba kutoka upande wa pili wa dunia ili asipoteze bua. Manamba waliokata mkonge huo walirudi nyumbani kwenye mashamba ambayo bua lake lilichomwa moto. Wakulima wa kule walipoanza kutumia mashine zinazovuna na kupura kwa pamoja, halafu kamba za plastiki, soko letu lilianguka: kutoka tani zipatazo 230,000 mwaka 1964 hadi tani 20,000 hivi mwishoni mwa karne.

Na jani la mkonge lenyewe? Kwenye kila kilo 100 za majani zinazoingia korona, yaani mtambo wa kuchambua singa, singa inayotoka ni kama kilo 4. Nyingine ni nyama ya jani, maji yenye asidi na vinyweleo vifupi. Ukigawanya, zile tani 230,000 za mwaka 1964 zilitoka kwenye majani ya tani zaidi ya milioni 5. Masalia yake yalirundikana nyuma ya viwanda na kutiririka mitoni, na sisi tuliokulia karibu na korona tunaijua harufu ile. Inaingia kwenye nguo, haitoki kwa sabuni ya mche. Watu walilalamika miaka na miaka, na mto ukaendelea kuchafuka. Hadi pale Hale, kati ya mwaka 2007 na 2008, kampuni ya Katani kwa msaada wa shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, UNIDO, na Mfuko wa Pamoja wa Mazao ilipojenga mtambo wa kuyavundika masalia hayo, kutoa gesi, na kwa gesi kuzalisha umeme, kilowati 300. Wengi waliutaja kuwa wa kwanza duniani kwa mkonge. Kwa taifa kilowati 300 ni kidogo. Bwawa la Hale pale chini lilijengwa lizalishe megawati 21. Lakini nilivutiwa na jambo dogo. Masalia yalipopata kazi, yalianza kupimwa. Palikuwa na mtu anayejua ni tani ngapi zimeingia leo, na tope linalobaki baada ya gesi likaitwa mbolea. Serikali imehimiza mkonge ufike tani 120,000 kwa mwaka. Hayo ni majani tani milioni 3. Sijasikia kiongozi yeyote akiulizwa jukwaani masalia ya hizo milioni 3 yatakwenda wapi.

Nirudi kwenye mahindi, kwa wale wanaonipinga, maana hawakosi hoja. Bwana shamba wa zamani, aliyetufundisha kilimo sisi walimu vijana, alitwambia tuchome mabua ili kuua funza. Hakukosea kuhusu funza. Funza wa mabua hujificha ndani ya shina kiangazi kizima na kutoka mvua zinapoanza. Kwenye pamba, nchi hii imekuwa na amri tangu enzi za Mwingereza: ng'oa masalia, choma, kabla ya tarehe iliyowekwa, na asiyefanya anashtakiwa. (Kumbe serikali inaweza kutunga sheria ya bua inapotaka.) Lakini kwenye mahindi kuna njia nyingine iliyopimwa: laza mabua chini, yatandaze, yapigwe na jua la kiangazi kwa wiki kadhaa. Joto linaua funza wengi humo ndani, na bua linabaki kuwa bua. Inataka nguvu za mwili, nakiri, na mgongo wangu si wa kulaza ekari tatu. Nalipa vijana.

Panya na nyoka ni hoja ya pili. Ipo. Mabua yaliyofunika ardhi ni nyumba nzuri ya panya, na mwenye kuvuna kwa mikono hapendi kushtukizwa na moma. Sina jibu kamili, ila shamba langu lililofunikwa halijawahi kuwa na panya wengi kuliko ghala langu.

Ya tatu ni ya kitaalamu, na huwa inasahauliwa na mashabiki wa kilimo hifadhi. Bua la mahindi ni kavu, lina kaboni nyingi na naitrojeni haba. Ukilifukia ardhini karibu na kupanda, vijidudu vinavyolivunja vinachukua naitrojeni iliyopo kwenye udongo kwanza, na miche inatoka ya njano. Jirani alijaribu, akaona njano, akaapa hatarudia. Angeliacha juu ya ardhi, akachomeka kunde au fiwi katikati, mambo yangekuwa tofauti. Tena wataalamu wa kilimo hifadhi wanataka walau asilimia 30 ya ardhi iwe imefunikwa siku ya kupanda. Kwa mavuno yetu, ukiacha bua lote ndipo unafika hapo kwa shida. Ukigawana na ng'ombe hufiki. Hivyo mtu asije akawaambia wakulima wa Misima kwamba wanaweza kulisha mifugo, kuuza mjini na kufunika udongo kwa bua lilelile. Mwaka wa mavuno mabaya hakuna cha kuuza. Mwaka mzuri, nusu labda.

Nani aamue kama mwaka huu ni nusu au sifuri? Hapo ndipo nasimama. Mwenye shamba. Kwa sasa hawezi kuamua, kwa kuwa bua analoliacha kwa ajili ya udongo ndilo linaloliwa na kundi la kwanza linalopita. Anayejinyima kuuza anamlisha mwenziwe. Nimewaona wakulima hodari waliohudhuria semina zote za kilimo hifadhi wakichoma mabua yao wenyewe kabla ya ng'ombe kufika, kwa hasira tupu: heri liwe majivu kwangu kuliko samadi kwake. Ukifika hapo, semina nyingine haisaidii.

Nyenzo za kisheria zipo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya mwaka 1982, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili na halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kuna Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Bua ni chakula cha mifugo. Ninachotaka kiandikwe ni kwamba masalia ya zao yanabaki mali ya aliyelima mpaka siku ya kupanda msimu unaofuata. Kwamba mfugo hauingii bila makubaliano naye. Na kwamba malipo yanaweza kuwa fedha au samadi. Hilo la samadi nalisisitiza. Niger na Nigeria, Wafulani na wakulima wana mapatano ya zamani: mfugaji analaza kundi lake shambani kwa mtu usiku kadhaa, mkulima anatoa mabua na wakati mwingine nafaka au fedha juu yake. Kinyesi na mkojo vinaanguka pale vinapohitajika, na hakuna anayebeba kitu kichwani. Handeni tuna kundi, tuna shamba na tuna usiku.

Moto nao uwekewe mpaka: asichome mtu shamba lisilo lake, na anayechoma lake awaambie majirani. Sina matumaini makubwa ya kuukomesha.

Wapo watakaosema naleta ugomvi kati ya wakulima na wafugaji, na kwamba nchi hii imeshaona damu, Kilosa mwezi Desemba 2000 ikiwa mfano usiosahaulika. Nimelifikiria hilo sana. Ugomvi tunao tayari, tena unaota kwenye jambo lisilo na mwenyewe, ambapo kila upande una haki kwa hesabu zake. Bei inawapa watu sababu ya kuzungumza kabla ya ng'ombe kuingia. Mkulima mwenye bua la kuuza atampigia mfugaji simu. Leo anawapigia mgambo filimbi.

Lililonisumbua zaidi ni la wajane na wazee wanaookota mabua na magunzi ya kupikia. Hawana shamba kubwa, kuni ni mbali, mkaa ni ghali. Ukilifanya bua kuwa mali unaweza kumfanya bibi mwenye tita moja kuwa mshtakiwa mbele ya mtendaji, na nawajua watendaji ambao wangeanza na bibi huyo kabla hawajamgusa mwenye ng'ombe 200. Kwa hiyo rasimu yangu inasema wazi kwamba mzigo wa kichwani wa kupikia nyumbani hauguswi. Guta linaguswa.

Ndiyo, nimeandika rasimu, ukurasa mmoja, mwandiko wa kialimu. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na unaofuata utakuwa kabla ya mavuno ya masika. Nilimpelekea mwenyekiti nakala. Akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mwalimu, watakuzomea."

"Akina nani? Wafugaji?"

"Wafugaji wameshaniuliza itakuwa bei gani. Hawa wakulima wenzako."

Nadhani ana haki. Wengi wetu tuna ng'ombe watatu, wanne, na tumezoea kuwalisha kwa jirani.